Jogoo wa Mwalimu wa Marui

Jumatatu, 1 Septemba

Nimechonga penseli zote. Nimepika chai. Nimefuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Dalili zote za mtu asiyetaka kuanza kazi.

Kazi yenyewe ni jogoo. Kitabu cha watoto, kimeandikwa na Mwalimu Ramadhani, mwalimu mstaafu wa huko Marui, Kisarawe. Sijawahi kumwona. Hadithi ni nzuri: jogoo anatoroka nyumbani, anazunguka dunia nzima, yaani anafika mpaka Kibaha, halafu anarudi kwa bibi aliyemfuga. Muda wote huo mzee wa nyumba amekaa kitini anamsubiri. Niliipenda tangu ukurasa wa kwanza. Nilichora kurasa zote kwa penseli nikampelekea mhariri, Dada Salome, ofisini kwake Dar. Yeye akampelekea Mwalimu.

Leo majibu yamerudi. Nyumba nzuri. Bibi mzuri. Hata mbuzi niliyemchomeka pembeni kwa raha zangu amepita.

"Ila jogoo hajakaa sawa."

Basi. Hakuna zaidi. Hajakaa sawa wapi? Jogoo mwenyewe amesimama.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda Janga, si mbali na hapa, kwa Mama Sekela anayefuga kuku. Nimeamua kuchora jogoo aliye hai, si wa kichwani. Nimekaa juu ya ndoo asubuhi yote. Jogoo hapendi kutazamwa. Kwanza alinipa mgongo. Nikahamisha ndoo, naye akageuka. Tukazungukana hivyo mpaka Mama Sekela akatoka kuuliza kama tumegombana.

Nimerudi na michoro mingi, na donda kwenye kifundo cha mguu. Lakini jogoo nimempata. Kifua mbele, kilemba chekundu kimelalia jicho, na mkia! Manyoya marefu yanapinda kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye ndoo. Sijawahi kuchora mkia mzuri kama ule.

Nimemtumia Salome. Nimelala mchana kama mtu aliyelima.

Ijumaa, 5 Septemba

Simu ya namba nisiyoijua. Sauti ya mzee, ya taratibu, kila neno limepigwa pasi. Mwalimu Ramadhani.

Hili halitakiwi kutokea. Utaratibu wa kazi yetu ni kwamba mwandishi anaongea na mhariri, na mhariri anaongea na mchoraji. Salome alinieleza sababu siku ya kwanza kabisa: mwandishi akimpata mchoraji moja kwa moja, kitabu hakimaliziki. Nami nilimwelewa. Halafu nikaandika namba yangu ya simu nyuma ya michoro ili bahasha isipotee njiani. Mjinga ni mimi.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya nyumbani, hali ya mume, hali ya hewa ya hapa kwetu Pangani, Kibaha. Baada ya hapo ungemkatiaje simu?

Jogoo wa Janga naye amekataliwa. Mwalimu anasema kifua kipo, mwendo wa maringo upo, miguu ipo. Tatizo lipo nyuma. Nikauliza mkia una nini. Hajui. Anasema akimtazama anaona tu kwamba nyuma hapako kama palivyokuwa.

Palivyokuwa lini? Nikamwuliza kama jogoo huyu alikuwepo kweli. Akasema alikuwepo. Alikuwa wa mke wake, Bi Mwajuma. Jogoo hayupo tena. Kitabu kizima amekiandika kwa ajili ya mke wake, na mke hajui. Ni siri. Kikitoka atampa mkononi. Kwa hiyo jogoo lazima awe yeye hasa.

Nikamwambia basi amwulize mke kwa ujanja. Akasema kwa ujanja hamwezi. Miaka yote ya ndoa hajamweza.

Nikamwahidi kutunza siri. Mjinga mara ya pili.

Jumatatu, 8 Septemba

Amepiga asubuhi. Mkia upandishwe.

Amepiga mchana. Ushushwe.

Amepiga alasiri, akanong'ona kwa sababu alikuwa amejificha migombani nyuma ya nyumba. Sehemu ya nyuma ijazwe kidogo. Nikasema imeshajaa. Akasema basi ipunguzwe, lakini kwa heshima.

Mpaka sasa nimechora na kumweleza kwa simu mkia wa kuinuka, wa kulala, wa kijani, wa kahawia, mmoja kama ufagio na mmoja kama mwavuli uliopigwa na upepo. Mzee ana adabu sana. Kila anapokataa anaanza kwa kunishukuru. Natamani angekuwa na matusi, ningemtukana kimoyomoyo nikapumua.

Jumanne, 9 Septemba

Nimevunja na sheria yangu mwenyewe. Huwa sigusi rangi mpaka michoro ya penseli ikubaliwe. Lakini muda unakwenda, na ule mkia wa Janga ulikuwa unaniita. Nimepaka rangi kurasa tano. Bluu iliyoingia kwenye kijani, na dhahabu kidogo mwishoni. Nimeutazama mkia mpaka chai imepoa.

Halafu Salome akapiga. Anataka kujua kwa nini Mwalimu amemwandikia kumshukuru kwa "mawasiliano mazuri na mchoraji". Nikajieleza. Hakufoka. Salome hafoki, anapunguza sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema mkataba unaruhusu raundi mbili za marekebisho, na kwa hesabu ya Mwalimu mwenyewe tuko ya sita. Alisema nikiwa mpole kwa kila mtu nitachora jogoo huyu mpaka nistaafu. Michoro yote imfikie kabla mwezi haujaisha, la sivyo kitabu anampa mchoraji mwingine. Anaye tayari, kijana wa Dar, anachora haraka.

Namjua huyo kijana. Kuku wake wote wana meno.

Nimeogopa kweli. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo jina langu litakaa juu ya jalada. Kwenye vitabu vilivyopita lilikaa ndani, kwa herufi za sisimizi.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya aibu. Niandike upesi kabla sijaanza kuipamba.

Simu. Namba ya Mwalimu. Nikapokea nikasema, "Mwalimu, nyuma sasa nimepajaza vizuri, utafurahi mwenyewe."

Ikaja sauti ya mwanamke.

"Mimi ni mke wa Mwalimu."

Nikasimama. Sijui kwa nini, nilikuwa peke yangu chumbani. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Akaniambia kwamba kwa siku kadhaa sasa mume wake anakwenda migombani na simu. Migombani hakuna kazi, ndizi bado. Amemsikia kwa masikio yake akizungumzia kifua, miguu, mwendo wa maringo, na sehemu ya nyuma. Hana ugomvi. Yeye ni mtu mzima. Anataka tu kujua nina umri gani na najua kupika nini.

Nikasema wali wa nazi. Ndiyo. Kati ya majibu yote duniani, nilijibu swali.

Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mimi ni mchoraji. Akauliza nachora nini. Hapo nikakumbuka ahadi ya siri. Nikitaja kitabu, nimemharibia mzee kila kitu. Nikatafuta kitu kingine ambacho watu huchora.

Nikasema hina.



"Hina," akasema Bi Mwajuma. "Kwa hiyo mmeshafika huko."

Akaniambia niende Marui Jumamosi anione. Akakata.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemsimulia mume wangu Festo alipokuwa anakunywa chai kabla ya kwenda kazini Dar. Chai ilimtokea puani. Amechelewa basi lake. Amenipigia kutoka ofisini mara mbili kuniuliza kama bwana harusi ameshaleta barua ya posa.

Mwalimu nimempigia, hapokei. Mchana ukaingia ujumbe: "Binti, usipige. Hali si shwari. Jogoo asubiri."

Ningeweza kutokwenda. Ningemwachia Salome. Lakini kuna mama wa watu amekaa Marui anaamini mume wake wa miaka yote anamletea mke mwenza mwenye sehemu ya nyuma iliyojazwa vizuri. Na maneno hayo nimeyasema mimi.

Festo anasema atanipeleka kwa pikipiki. Anasema ushahidi mzuri wa kwamba nina mume ni mume mwenyewe.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumerudi. Mgongo unauma, macho yamejaa vumbi jekundu la Kisarawe. Niandike yote.

Bi Mwajuma alikuwa uani, amevaa kanga mpya kabisa, bado ina mikunjo ya dukani. Mwanamke mrefu, amenyooka. Alikuwa amejiandaa kupokea mshindani. Mimi nimevaa suruali ya pikipiki na helmeti, nimekumbatia mkoba wa michoro kifuani. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akanizunguka kidogo, akatazama na nyuma. Nikaona amepata mashaka.

Nikamwamkia. Festo naye akamwamkia, akasema, "Mimi ndiye mume wake, mama."

Bi Mwajuma alimtazama Festo, akanitazama mimi, akatuonyesha mkeka. Akasema kwanza tukae, kwa sababu jambo hili limekuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Mwalimu akatokea migombani na jembe begani. Mzee mdogo, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Alipotuona alisimama palepale. Akageuka kana kwamba amesahau kitu huko alikotoka. Mke wake akamwita kwa jina, mara moja tu, na jembe likashuka begani lenyewe.

Nilidhani ataniangalia mimi nimwokoe. Hakuniangalia. Alikaa kwenye ncha ya mkeka, akavua miwani, na akasema kweli yote, polepole, kama mtu anayesoma imla.

Hakuna mke mwenza. Kuna kitabu. Na sababu ya kitabu ni jogoo. Mwaka aliostaafu alipata wageni wa ghafla, wakubwa wa kazini, na Bi Mwajuma alikuwa msibani Maneromango. Nyumbani hapakuwa na kitoweo. Akamchinja jogoo wa mkewe. Mke aliporudi akamwambia labda kicheche amemchukua. Kuanzia wiki ile nyumba ilipoa. Bi Mwajuma alikuwa anajibu anachoulizwa, basi. Mwalimu akaona huzuni ya jogoo haiishi. Akashindwa kusema. Akaona aandike hadithi ambayo jogoo hakufa, alikwenda kutembea tu, na akarudi.

"Nilimchinja mimi," akamaliza. "Hakuna kicheche."

Bi Mwajuma alikuwa anaokota vijiti kwenye mkeka. Hakuinua uso.

"Najua," akasema. "Mgeni wako alinikuta sokoni wiki ileile, akanishukuru kwa kitoweo. Alisema nyama ilikuwa ngumu."



Basi nikaelewa, na nadhani Mwalimu alielewa sekunde moja baada yangu. Bi Mwajuma hakuwa na huzuni ya jogoo. Muda wote huu alikuwa anangoja kuambiwa. Festo alijishughulisha na kamba za viatu. Mimi nikatamani ardhi inimeze pamoja na mkoba.

Ni Bi Mwajuma aliyetuokoa. Alinyoosha mkono akasema nimwonyeshe hiyo hina yangu.

Nikatandaza michoro. Alichukua miwani ya mume wake, akaishika mbele ya jicho moja kama lenzi, akapita ukurasa kwa ukurasa. Alifika kwenye zile kurasa tano za rangi. Kwenye ule mkia. Nikasubiri sifa. Nakiri nilisubiri.

"Huyu jogoo wa nani?"

Mwalimu akasema ni wa mkewe.

"Wangu hakuwa na mkia."

Akatueleza kwamba jogoo wake alizaliwa hivyohivyo, nyuma pamekatika ghafla kama mkate, na watoto wa jirani walikuwa wakimwita Kipara wa Nyuma. Alikuwa na hasira na dunia nzima kwa sababu hiyo. Ndiyo maana alimpenda.

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, na usoni alikuwa kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nilisema tangu mwanzo," akaniambia. "Tatizo lilikuwa nyuma."

Bi Mwajuma ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Festo akafuata. Mimi nilichelewa kidogo. Nilikuwa bado naaga mkia wangu.

Lakini Bi Mwajuma hakumalizia hapo. Alirudi kwenye picha moja, ile ya mzee amekaa kitini barazani, mikono juu ya mapaja, anasubiri jogoo arudi. Kicheko kikamwisha. Akaiweka mbele ya mume wake, akaweka na kidole juu ya kile kiti.

"Huyu asikae," akasema. "Mimi nilizunguka vichaka vyote na tochi, jioni baada ya jioni, namwita. Wewe ulikuwa umekaa hapo, unaniona. Kama ni kitabu changu, huyu mzee ainuke akatafute."

Mwalimu aliitazama picha muda mrefu. Kisha akaniomba penseli. Akafuta sentensi zake za ukurasa ule, akaandika nyingine hapohapo juu ya goti, akampa mkewe asome. Alisoma akiwa amekunja uso. Akarekebisha neno moja. Akamrudishia.

Tumekula wali wa nazi. Aliupika yeye. Aliniuliza kama wangu unafikia huo. Nikasema hapana, na ni kweli.

Jumapili, 14 Septemba

Festo amekwenda kanisani peke yake. Mimi nimebaki na jogoo. Rangi ya maji haifutiki, kwa hiyo kurasa tano zinaanza upya. Nimechora Kipara wa Nyuma. Ni mbaya. Ni mbaya vizuri kabisa. Kila anaposimama anaonekana ametoka kugombana na mtu. Nilikuwa nachora jogoo wa kalenda kumbe.

Jumatano, 17 Septemba

Salome amepiga, michoro mipya imemfikia. Amesema nimesahau mkia. Kila ukurasa.

Nikamweleza. Akasema hadithi ya Marui ni tamu, lakini mtoto anayenunuliwa kitabu cha jogoo anataka kuona jogoo, na jogoo ana mkia. Sauti ikaanza kupungua. Zamani ningesema sawa, dada, nitarekebisha.

Nikasema hapana.

Nikamwambia afanye jambo moja. Achukue ukurasa ule wa sokoni, wenye kuku wengi, auweke mbali, ukutani, halafu amtafute jogoo wetu. Akaniacha kwenye simu. Nikasikia kiti kinasogezwa, nikasikia anamwita mtu wa ofisini aje naye atazame. Akarudi.

Akasema anaonekana. Wote wawili wamemwona palepale.

Nikasema ndiyo kazi ya mhusika, mtoto amjue hata akiwa kivuli. Majogoo wenye mikia wako kwenye kila daftari la shule. Huyu yuko mmoja. Nikaongeza kwamba hii ni raundi ya mwisho, na kuanzia kesho Mwalimu akitaka lolote apite kwake yeye, sipokei.

Salome akacheka kwa pua. Akasema, hatimaye.

Niliweka simu mezani nikagundua nilikuwa nimesimama tena.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemaliza. Ukurasa wa mzee nimeubakiza mwisho kwa makusudi. Nimemwinamisha kwenye mihogo, kama Mwalimu alivyoandika upya, kanzu imepandishwa magotini, tochi mkononi, miwani imefungwa uzi. Kiti nimekiacha barazani, kitupu. Sikupanga, mkono ulikichora wenyewe nikauacha.

Bahasha imeondoka na basi la asubuhi. Nyuma ya michoro sikuandika namba.

Jumamosi, 13 Desemba

Vitabu vimefika. Jina langu liko juu ya jalada, chini ya la Mwalimu. Festo amekiweka kimoja kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Nilikitoa, nikakirudisha.

Mwalimu alipiga mchana. Nilipokea, kazi imekwisha. Alianza kwa kunishukuru nami nikashtuka kwa mazoea, lakini hakukuwa na marekebisho. Alinieleza kwamba Bi Mwajuma alikisoma peke yake jikoni. Alipotoka alikuwa nacho mkononi, akakaa barazani karibu naye. Wakazungumza mpaka adhana ya magharibi.

Nikauliza walizungumza nini.

"Mihogo," akasema Mwalimu. "Inaanza kuliwa na nguruwe."

Nikasema poleni. Akasema ahsante, akaniuliza hali ya nyumbani, hali ya mume, hali ya hewa ya Pangani. Nikamwambia mvua imeanza. Akasema na huko pia.